Haraka ya kufika mia

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, jijini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, jambo moja limekaa masikioni mwa wazazi kuliko mengine yote: elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Wengi wameipokea habari hiyo kama amri ya kukimbia. Kama mwaka mmoja umeondolewa, wanasema, basi mtoto aanze mapema ili aufidie. Ndiyo maana mijini si ajabu kumkuta mtoto wa miaka minne aliyetoka chekechea mchana, akala, kisha akakabidhiwa daftari anakili namba 1 hadi 100, na Jumamosi akapelekwa tuisheni. Akiitaja mia bila kukwama, wageni wanampigia makofi na mzazi anapumua.

Tafsiri hiyo haimo kwenye sera, na kwa upande wa hesabu inamrudisha mtoto nyuma. Mwaka uliopunguzwa haufidiwi kwa kumsogeza mtoto mbele kwenye orodha ya namba. Mtoto wa miaka mitatu hadi saba anahitaji kuzielewa barabara namba moja hadi kumi: azione, azishike, azivunje na kuziunganisha, kwa lugha anayoisikia nyumbani, kabla hajadaiwa kuziandika kwa wingi. Aliyeimiliki kumi kwa namna hiyo ana njia fupi ya kufika mia. Aliyefika mia kwa kuimba anaweza kumaliza darasa la pili bila kujua saba imepungukiwa na ngapi kufika kumi.

Hofu ya wazazi ina msingi, na sitaibeza. Katika matokeo ya kidato cha nne ya kuanzia 2020 hadi 2024, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne. Kila Januari matokeo yakitangazwa, mjadala hurudi kwa walimu wachache, vitabu vichache na madarasa yaliyofurika, na yote hayo ni kweli. Lakini upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) uliofanyika 2013 kwa wanafunzi wa darasa la pili ulionyesha kwamba ufa huanza mapema mno. Watoto walijitahidi kwenye kujumlisha na kutoa namba ndogo walizozizoea, kisha wakaporomoka kwenye namba za tarakimu mbili na kwenye zoezi la kutaja namba iliyorukwa katika mfuatano. Zoezi hilo la mwisho ndilo la kutazamwa sana. Namba iliyorukwa haipatikani kwa kukariri, maana mtoto sharti aone namba zilizopo zinapishana kwa kiasi gani. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa 2015, uliojikita kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulikuja kuziba pengo la aina hiyo. Nyumbani, hata hivyo, desturi ya kunakili iliendelea kama kawaida.

Ili kuona kosa liko wapi, ni lazima kwanza tujue kuhesabu ni kazi gani hasa. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza kanuni ambazo mtoto hana budi kuzishika. Majina ya namba yafuatane kwa mpangilio uleule kila mara. Kila kitu kipewe jina moja, kisirukwe wala kisihesabiwe mara mbili. Jina la mwisho kutajwa ndilo idadi ya vyote. Kisha kuna mbili zinazosahaulika: kwamba unaweza kuhesabu chochote, hata sauti na hatua, na kwamba ukianzia kulia au kushoto idadi haibadiliki. Wimbo wa moja hadi mia unafundisha ile ya kwanza peke yake. Iliyo ngumu kuliko zote ni ya tatu, na mwanasaikolojia Karen Wynn alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtoto huipanda ngazi kwa ngazi. Kwanza anaelewa "moja" tu, na namba nyingine zote kwake ni "nyingi". Baada ya miezi kadhaa anaelewa "mbili", halafu "tatu", na baadaye, aghalabu kati ya miaka mitatu na nusu na minne, jambo linafunguka na anaweza kutoa idadi yoyote anayoweza kuihesabu. Muda huo wote anaweza kuwa anaimba hadi ishirini bila kosa.

Kumpima mtoto nyumbani kunachukua dakika mbili. Weka ndimu kumi kwenye sinia na umwambie, "Nipe ndimu tatu." Usimwambie ahesabu, na usimtazame usoni wakati anachota, kwa sababu watoto husoma macho yetu wakajua pa kuishia. Asiyeielewa tatu atachota kiganja kizima akupe. Anayeielewa atasita, ataokota moja moja na ataacha mwenyewe. Akikupa, uliza, "Hizi ni tatu?" bila kubadilisha sauti. Kisha panda hadi nne, tano, sita. Pale anapoanza kuchota ovyo ndipo ulipo mpaka wa uelewa wake, na mafunzo yaanzie hapohapo hata kama mdomoni amefika hamsini. Kuna dalili nyingine iliyo wazi: amehesabu ndimu tano vizuri, umemuuliza "Ziko ngapi?", naye badala ya kujibu anaanza upya, moja, mbili, tatu. Mtoto huyo hana utundu. Kwake swali la "ngapi" ni ombi la kuimba tena, kwa kuwa hajajua kwamba ile tano aliyoishia ndiyo jibu.

Dawa yake ni ndogo na wazazi wengi wanaipita. Taja idadi kwanza, ndipo uhesabu, kisha urudie idadi: "Hapa kuna ndizi tatu. Moja, mbili, tatu. Ndizi tatu." Tukihesabu bila kutaja jumla, mtoto husikia wimbo. Tukitaja jumla bila kuhesabu, hajui imetoka wapi. Vikikutana kwa pumzi moja, anaunganisha. Fanya hivyo kwa idadi ndogo anayoweza kuiona kwa jicho moja, mbili hadi nne, mara nyingi kwa siku, wakati wa kupanga sahani, kuanua nguo au kugawa mihogo. Akizoea, ficha: weka ndimu tatu chini, zifunike kwa bakuli, ongeza moja chini ya bakuli huku akiona, na umuulize ziko ngapi sasa. Anajumlisha kabla hajaona alama ya kujumlisha popote. Akitumia vidole, mwache. Wapo wazazi na hata walimu wanaowapiga watoto mikono kwa kuhesabia vidole, na wanawanyang'anya kihesabio pekee wasichoweza kukisahau nyumbani. Katika umri wa miaka mitano na sita vidole husaidia usahihi. Mtoto huviacha mwenyewe polepole anapofika saba au nane, akishakuwa na njia ya haraka zaidi kichwani. Ukimkataza kabla ya hapo, anabahatisha.

Kuhusu lugha nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa mzazi wa Kitanzania ana hazina anayoitupa. Familia inayompeleka mtoto shule ya mchepuo wa Kiingereza mara nyingi huamua kwamba namba nyumbani nazo ziwe za Kiingereza. Sasa sikiliza majina yenyewe. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: kila jina linamwambia mtoto kilichomo ndani yake, fungu la kumi na vilivyobaki. Majina ya Kiingereza ya kumi na moja na kumi na mbili hayasemi lolote, na ya kumi na tatu hadi kumi na tisa yanaitanguliza ile ndogo na kuibana kumi mwishoni. Watafiti waliowalinganisha watoto wa Kichina, ambao majina yao ni bayana kama yetu, na wa Marekani waliona tofauti ya kuhesabu ikifunguka hasa baada ya kumi. Mtoto anayejua kwa Kiswahili kwamba kumi na nne ni kumi na nyingine nne atajifunza jina la Kiingereza kwa siku chache, kwa maana kitu chenyewe anacho. Anayeanza na jina asiloelewa hana cha kulishikizia. Hali ni hiyohiyo kwa lugha nyingine za nyumbani, iwe Kihaya au Kinyakyusa: lugha ambayo mtoto anaijua ndiyo ya kuhesabia kwanza.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego miwili, na mzazi anayeijua ataikwepa. Wa kwanza ni upatanisho. Tunahesabu "moja, mbili, tatu", halafu tunasema visoda vitatu, maandazi matatu, watoto watatu, mikate mitatu. Namba zinazobadilika umbo ni moja hadi tano na nane, yaani karibu zote ambazo mtoto anaanza nazo, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo mwanzoni tumia vitu ambavyo jina la kuhesabia na jina la idadi ni lilelile: ndizi tatu, ndimu tatu, nyanya tatu, sahani tatu, chupa tatu. Ukishaona "tatu" imekaa, ingiza visoda na maandazi, na ataona mwenyewe kwamba vitatu na matatu ni tatu ileile. Mtego wa pili ni makumi. Baada ya ule uwazi wa kumi na tisa yanakuja ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, na mtoto hasikii mbili ndani ya ishirini wala nne ndani ya arobaini. Sitini, sabini na tisini afadhali, zinafanana kwa sauti na sita, saba na tisa. Ndiyo sababu watoto wengi hukwama kwenye 29 na 39: wanajua inakuja "kumi nyingine" ila hawajui inaitwaje. Taja majina mawili pamoja kwa wiki kadhaa, "makumi matatu, thelathini, makumi manne, arobaini", huku ukionyesha mafungu. Hapo kukariri kunahitajika, na kunafanya kazi kwa sababu kumeegemea kitu kinachoonekana.

Vifaa havihitaji bajeti. Trei la mayai la karatasi lina mashimo 30, safu sita za matano. Likate kila baada ya safu mbili na utapata vipande vitatu vya mashimo kumi, safu ya tano juu na ya tano chini. Tafuta visoda ishirini visivyo na ncha kali. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, au ambaye bado anapeleka vitu mdomoni na puani, acha visoda, maharage na karanga, tumia ndimu au vifuniko vikubwa vya ndoo ndogo na mitungi. Muda wa mchezo ni dakika kumi, na ukiona anaanza kutazama mlangoni, umeisha hata kama ni dakika nne. Jaza mashimo saba, safu ya juu yote na mawili ya chini, umuulize yaliyobaki wazi ni mangapi. Mwanzoni atahesabu moja moja. Siku zinavyokwenda ataona kwa mtazamo mmoja kwamba saba ni tano na mbili, na kwamba inataka tatu kufika kumi. Hizo jozi za kumi, tisa na moja, nane na mbili, saba na tatu, sita na nne, tano na tano, zinastahili wiki nyingi kuliko kitu kingine chochote katika umri huu. Zikishakaa, weka vipande viwili vya trei sambamba, kimoja chenye visoda vinane na kingine vitano. Mwambie ajaze cha kwanza. Atahamisha viwili, atabaki na vitatu, na jibu litajitaja: kumi na tatu. Kosa la kawaida la mzazi hapa ni kuharakisha kwa kumwonyesha vya kuhamisha. Mwache ahamishe, akosee na arudishe.

Mchezo mwingine nauthamini kwa sababu umepimwa. Robert Siegler na Geetha Ramani waliwapa watoto wa familia za kipato cha chini nchini Marekani ubao wenye viboksi kumi vilivyopangwa kwa mstari na kuandikwa 1 hadi 10. Walicheza vipindi vinne vya takriban robo saa ndani ya wiki mbili. Watoto walizidi kujua ipi ni kubwa kati ya namba mbili, na namba inakaa wapi kati ya moja na kumi, na wiki tisa baadaye faida ilikuwa bado ipo. Waliocheza ubao uleule wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Nyumbani chora mstari wa viboksi kumi uani kwa kijiti au kwa chaki sakafuni, kila kimoja upana wa unyayo wa mtoto mara mbili, na uandike namba kutoka kushoto kwenda kulia. Rusha kisoda: kikilala mgongo ni hatua moja, kikilala tumbo ni mbili. Kuna kanuni moja ambayo ukiivunja mchezo unabaki burudani tu: mtoto ataje namba ya kiboksi anachokanyaga, sio idadi ya hatua. Akiwa kwenye nne na akapata mbili, aseme "tano, sita". Akisema "moja, mbili", mrudishe kwa upole mpaka alipotoka. Utafiti wa baadaye uliangalia jambo hilohilo na ukakuta kuhesabu kwa kuendeleza ndiko kunakoleta faida. Mstari ulionyooka nao una maana yake, kwa kuwa unaonyesha kwamba namba kubwa iko mbali zaidi na mwanzo. Ludo inazunguka na haina namba njiani, hivyo haifanyi kazi hii.

Michezo yetu ya zamani inabeba hatua inayofuata. Kwenye mdako, mtoto anarusha kijiwe juu, anavuta vingine kutoka shimoni, anadaka, kisha anavirudisha akibakiza kimoja kimoja, mzunguko unaofuata viwili viwili, halafu vitatu vitatu. Vijiwe vikiwa kumi na viwili, viwili viwili vinatoa mafungu sita, vitatu vitatu mafungu manne, vinne vinne mafungu matatu, na vitano vitano vinabakiza viwili. Huko ni kuzidisha na kugawanya kwa mikono, miaka miwili mitatu kabla ya jedwali. Bao kamili la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni zito kwa mtoto wa miaka mitano, lakini safu moja ya mashimo manane inatosha: mpe kete tano, na kabla hajazisambaza mwambie ataje ya mwisho itaangukia shimo la ngapi.

Kuandika kuje baada ya haya, na kukija, kutaleta makosa yenye sababu. Kugeuza 2, 3, 5 na 7 ni kawaida hadi miaka saba, usimpigie kelele. Kosa la kushughulikiwa ni mtoto kuandika 102 akiambiwa kumi na mbili, au 205 akiambiwa ishirini na tano. Ameandika alichosikia, kumi kisha mbili. Kumwambia "umekosea, andika tena" mara ishirini hakumwelezi chochote. Kata kadi kutoka kwenye boksi: tisa za makumi, 10 hadi 90, zenye upana wa sentimita 10, na tisa za mamoja, 1 hadi 9, zenye upana wa sentimita 5. Weka kadi ya 2 juu ya nusu ya kulia ya kadi ya 10. Sifuri inafunikwa, inabaki 12, na akiinyanyua anaiona kumi bado ipo chini. Sambamba na kadi, kata chelewa za fagio kuukuu vipande mia vya sentimita 10 na utafute mipira ya kufungia. Mtoto mwenyewe afunge kila akifikisha kumi. Mafungu yaliyofungwa na mtu mzima hayamfundishi, kwa sababu hajawahi kuona kumi zikigeuka kuwa fungu moja. Faida yake utaiona kwenye kutoa. Mtoto aliyepewa mapema hesabu za kushuka chini, namba moja ikiandikwa chini ya nyingine, huandika kwamba 32 ukitoa 15 ni 23, kwa kuwa mbili haitoshi kutoa tano, basi anageuza na kutoa mbili kwenye tano. Mwenye mafungu matatu na njiti mbili mkononi hawezi kufanya hivyo. Atatoa fungu moja, atakuta njiti hazifiki tano, atafungua fungu jingine, na atabaki na fungu moja na njiti saba. "Kukopa" kutakuja baadaye kama jina la kitu alichokwisha kukifanya.

Pesa zisubiri kidogo. Sarafu ya mia mbili kwa macho ni kitu kimoja, na mtoto anayejifunza kwamba kimoja ni moja inamchanganya. Kuanzia miaka saba, sarafu za mia zinafaa sana kuhesabia mia moja, mia mbili, mia tatu. Saa nayo isubiri darasa la pili.

Sasa hoja za upande wa pili. Yenye nguvu kuliko zote inasema kukariri kumetulea sisi sote, na kwamba bila kukariri hakuna wepesi. Ni kweli kwamba mfuatano wa namba lazima ukaririwe, na ni kweli kwamba mtoto wa darasa la nne anayehesabia vidole saba mara nane atachoka kabla ya kumaliza swali. Ninachopinga ni mpangilio. Kilichokaririwa baada ya kueleweka kinaweza kutengenezwa upya kikisahaulika: aliyesahau nane jumlisha tano anapitia kumi na kulipata. Kilichokaririwa kabla kikipotea kimepotea. Hoja ya pili ni ya muda, hasa kwa mama anayetoka genge saa moja jioni, na siwezi kuijibu kwa kumlaumu. Ila kunakili kurasa mbili kunamdai muda mrefu zaidi wa kusimamia na kusahihisha, na mengi niliyoyataja yanafanyika mikono ikiwa kazini: kugawa sahani, kupanga nyanya mafungu ya nne nne, kumwambia mtoto alete vitunguu vitatu. Dada wa nyumbani, bibi au kaka wa darasa la tano anaweza kuyafanya pia, maadamu ameonyeshwa mara moja. Hoja ya tatu inasema kazi hii ni ya mwalimu, mzazi ataharibu kwa njia zake. Ina ukweli kwenye hesabu za kushuka chini, na hapo nashauri mzazi asitangulie shule. Kwenye ndimu na trei hakuna njia ya kugongana na ya mwalimu, maana vihesabio na mafungu ya kumi ndivyo anavyotumia darasani.

Dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa sauti ya huruma: hesabu ni kipaji, "sisi kwetu hesabu haziko kwenye damu". Ingekuwa hivyo, saa moja tu ya mchezo wa viboksi kumi isingebadilisha chochote kwa watoto waliokuwa nyuma, nayo ilibadilisha. Uchambuzi uliochapishwa 2007 na Greg Duncan na wenzake, ukiunganisha takwimu za muda mrefu za Marekani, Uingereza na Kanada, ulikuta kwamba ujuzi wa hesabu wakati wa kuanza shule ulitabiri mafanikio ya baadaye kuliko ujuzi mwingine walioupima, ukiwemo wa kusoma. Kutabiri hakuthibitishi kwamba moja imesababisha nyingine. Lakini ukiweka matokeo hayo kando ya yale ya viboksi, kauli ya damu inabaki haina mguu wa kusimamia, na ina madhara: mtoto anayeisikia mezani akiwa na miaka mitano anaibeba hadi kidato cha nne, na wasichana ndio wanaoambiwa zaidi.

Programu za simu nazitaja kwa kifupi. Nyingi zinampa mtoto zawadi ya sauti na rangi kwa kubonyeza tarakimu sahihi, yaani zinafundisha kutambua alama. Hazina ubaya kwa dakika chache, ila haziwezi kumfanya ashike fungu na kulifungua.

Kama hoja hii ni sahihi, kuna mambo matatu ya kubadilisha bila kusubiri bajeti mpya. Tayari nchi ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na inayohusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Kwanza, basi, kwenye kliniki ya mama na mtoto mzazi huulizwa uzito na chanjo, na swali la "anakupa ndimu ngapi ukimwomba?" linaweza kuulizwa mtoto akiwa na miaka minne na kumpa mzazi mwelekeo palepale. Pili, kikao cha kwanza cha wazazi wa darasa la awali kitenge nusu saa, mwalimu akate trei la mayai mbele yao na kuonyesha jozi za kumi, badala ya kuishia kwenye sare na michango. Tatu, shule zinazowapa watoto wa miaka mitano usaili wa kujiunga ziache kuwaandikisha 1 hadi 50. Kipimo hicho ndicho kinachowasukuma wazazi kwenye kunakili, na hakimwambii mwalimu lolote la kufanyia kazi. Mwalimu akimwomba mtoto ndimu sita, akimfunikia mbili chini ya bakuli na kumwonyesha trei lenye visoda saba, ndani ya dakika tano atajua mtoto huyu aanze na "tatu", na "jozi za kumi", au na mafungu ya chelewa, na ataweza kuwapanga kwa vikundi wiki ileile ya kwanza.